Anwani ya Kudumu

Darren wa kompyuta aliipa mashine yangu anwani
kwa mkono wake, tarakimu baada ya tarakimu,
nukta katikati, kama fundi anayechonga jiwe la kaburi.
Akasema: hii haibadiliki. Ila ukifika kwako uifute,
kisanduku cha nyumbani kitakupa nyingine.
Nikaitikia. Kuitikia ni kazi ninayoiweza.

Sheffield, Novemba. Giza limeingia tangu saa kumi na nusu.
Tramu inapanda kuelekea Hillsborough ikikoroma,
nami na kompyuta mpakato, nimeipakata kweli,
kama mtoto wa mtu mwingine
niliyeambiwa nisimwamshe.

Ghorofa ya tatu. Mvuke wa maharage kwenye dirisha.
Naifungua, inakataa.
Kijiduara kinazunguka, kinazunguka,
kinaitafuta ofisi ndani ya jiko langu.
Taa za kisanduku zote kijani, hatua mbili tu kati yao,
na bado inasema hakuna njia.
Imeshikilia anwani ya kazini
kama mgeni aliyekataa kuvua koti.

"Mama," anasema Kaniki, macho kwenye hesabu zake,
"na wewe bado hujabadilisha."
Kwani nimemwambia nini?
Nimemwambia: tafadhali zingatia kwamba vyombo havijaoshwa.
Nimemwambia: hili ni onyo la pili.

Ndivyo ninavyoandika mchana kutwa
kwa watu ambao kodi zao zimelala.
Bwana Hargreaves, wiki sita.
Mama wa mapacha, nambari kumi na nne, wiki tisa.
Wako mtiifu, halafu jina langu,
ambalo hakuna anayelitamka sawasawa
hata anaponitukana kwenye simu.

Nikafuta tarakimu. Nikachagua: pokea anwani yoyote utakayopewa.
Mashine ikashusha pumzi, ikauliza
(nalipenda swali hili kuliko maswali yote ya nchi hii):
mtandao huu ni wa nyumbani, wa kazini, au wa hadharani?
Watu wa uhamiaji hawajawahi kuniuliza kwa adabu hivyo.
Wa nyumbani, nikabonyeza.
Kidole kilisita kidogo, niseme kweli.

Kaniki alipolala nikaandika orodha.
Bati ishirini za nyumba ya Soni: nusu.
Harusi ya Mwanakheri: nimeahidi, sijatuma.
Ada ya Shekue, muhula wa pili.
Dawa za mama za presha.
Saruji ya kaburi la baba, tangu Machi.
Nikajumlisha, nikapiga mstari chini, mara mbili,
nikaagiza ichapwe.
Printa ndogo juu ya friji ikabaki kimya.
Nikaigonga. Kimya.
Nikasema itajijua, nikazima taa.

Asubuhi nikairudisha anwani ya Darren,
nukta zake zote mahali pake.
Na mashine, isiyosahau ilichotumwa,
ikapeleka.
Ng'ambo ya chumba, printa kubwa ikakohoa,
ikatema karatasi moja, ya moto.
Maureen ndiye aliyekuwa karibu.

Akaitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji
karatasi usiyojua kuisoma.
Miaka ishirini na mbili amekaa kwenye meza ya malimbikizo.
Akapitisha kidole kwenye safu ya tarakimu,
akafika kwenye ile mistari miwili.
"Lugha siijui," akasema, "lakini hili ni deni.
Ni la mpangaji wetu yupi?"

Wote wakainua vichwa, hata Darren,
aliyekuwa chini ya meza na nyaya zake.
Ningeweza kusema ni mapishi.
"Ni langu," nikasema.

Akaikunja mara moja, kwa uangalifu,
maandishi yakiwa ndani, akanipa,
akaenda kuchemsha maji ya chai
bila kumwuliza mtu anatumia sukari ngapi.

Nikafungua barua ya nambari kumi na nne.
Mtandao ulikuwa imara, alama zote zimejaa.
Nikalifuta neno *onyo*.
Kishale kikapepesa, kikapepesa,
mpaka sasa sijajua niweke nini pale.